Namba ya Usabunishaji

Shangazi hakuamini sabuni yoyote mpaka aiguse kwa ncha ya ulimi. Macho, alizoea kusema, huhongwa na weupe, na pua huhongwa na marashi. Ulimi peke yake ndio shahidi asiyepokea chochote. Kwa hiyo asubuhi ile, miche ya sabuni ilipokwisha kutolewa kwenye kalibu na kupangwa juu ya meza ya uani, migumu, myeupe, yenye kingo zilizonyooka kama matofali ya fundi mwenye wivu na kazi yake, shangazi aliinama juu ya mmoja, akaugusa kwa ulimi, kisha akarudi nyuma kama mtu aliyezabwa kofi.

Alikwenda kwenye ndoo ya maji, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Ndipo akamgeukia binti wa kaka yake.

"Onja wewe."

Binti akaonja. Alihisi kama amelamba betri, ila mshtuko wa betri hupita, na huu ulikaa papo hapo ukichoma.

"Inauma," alisema.

"Inauma," shangazi aliitikia, kwa upole uliotisha kuliko ukali. "Sasa niambie, Mkemia wangu, inauma kwa nini. Maana hesabu umepiga wewe."

Jina hilo la Mkemia alibandikwa na mtaa tangu mwaka wa kwanza wa chuo, nusu kwa fahari na nusu kwa mzaha, naye alilivaa lote bila kuuliza nusu ipi ni ipi. Alikuwa mmoja wa wale vijana wanaoamini kwa moyo mweupe kwamba elimu isiyoshuka ngazi za chuo ikaingia uani kwa watu ni taa iliyofunikwa pishi. Alipokuja likizo na kukuta sabuni ya shangazi yake ni laini, yenye kutoa jasho la mafuta na kuyeyuka kwenye kisahani kabla mtu hajamaliza kunawa, aliona mlango wa kuingizia taa yake.

Shangazi alikuwa akipima kostiki kwa kopo la maziwa lililopinda mdomo. Mkemia alilitazama kopo lile kama daktari anavyotazama hirizi.

"Kostiki haikutosha, shangazi," alisema siku hiyo. "Kazi yake ni kuyageuza mafuta yawe sabuni. Ikipungua, mafuta mengine hubaki hivi hivi bila kazi, ndiyo haya yanayotoka jasho. Lakini huna haja ya kubahatisha. Kila aina ya mafuta ina namba yake. Inaitwa namba ya usabunishaji."

"Namba kama ya simu?"

"Kama ya kiatu. Ukiijua, unajua mafuta haya yanahitaji kostiki kiasi gani, si zaidi wala si pungufu."

Maelezo hayo yalimkolea shangazi, hasa kwa kuwa yalimkuta kwenye mahangaiko. Mama Kituo, msimamizi wa kituo cha kulea watoto wachanga, alikuwa amekubali hatimaye kuchukua sabuni yake yote, ya kuogeshea watoto na ya kufulia nguo zao, na angekuja Jumamosi kuchukua mzigo wa kwanza. Shangazi alikuwa amemwinda mteja huyo kwa miaka. Na kila mtu alijua tabia ya Mama Kituo: mahali alipokosewa mara moja, hata kivuli chake hakipiti tena. Kwa ajili ya mzigo huo ndipo kopo la maziwa lilipostaafishwa, mizani ikaletwa, na ndoo tano za mafuta ya nazi zikapikwa kwa namba ya Mkemia.

Sasa miche ilikuwa juu ya meza, mizuri kuliko sabuni yoyote iliyowahi kutoka katika ua ule, na haikufaa kugusishwa ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mtoto.

Mkemia aliketi kwenye kigoda akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu aliyeangusha pete njiani. Hesabu kwanza: aliipiga upya, ikatoka vile vile. Namba yenyewe: aliikumbuka kama anavyolikumbuka jina la mama yake, na hata alipompigia simu mwenzake wa chuo, mwenzake aliitaja ile ile bila kusita. Mizani: aliipima kwa pakiti za sukari ambazo hazijafunguliwa, nayo ikasema kweli kila mara. Akaihamia kostiki. Huenda iliingia unyevu? Alifurahi kwa dakika moja, mpaka alipotambua kwamba kostiki yenye unyevu hupungua nguvu, na sabuni ingetoka laini, isingetoka kali. Kila mlango alioufungua ulimrudisha katika chumba kile kile.

"Kumekucha huko?" shangazi aliuliza, akikata mche mmoja kwa kisu. Ulivunjikavunjika kama chaki.

"Bado."

"Mimi naona umechutama tu, kama kuku anayeatamia jiwe."

"Nafikiri, shangazi."

"Fikiri mbele basi. Jumamosi haifikiri, inakuja."

Alifikiri mbele. Kama hesabu ni sahihi, na namba ni sahihi, na mizani ni sahihi, na kostiki ni sahihi, basi kilichobaki ni mafuta. Na kwa kadiri alivyolisokota wazo hilo, lilizidi kunyooka. Mafuta ya mashine hayageuki sabuni hata uyapikie moto wa jehanamu. Mtu akiyachanganya na mafuta ya nazi, kostiki iliyopimwa kwa ajili ya ndoo nzima hukuta kazi ya nusu ndoo, na inayobaki hukaa ndani ya sabuni ikisubiri ngozi ya mtu.

"Huenda," alisema polepole, "mafuta yamechanganywa."

Shangazi alikiweka kisu mezani.

"Nimesema huenda," Mkemia aliongeza, lakini shangazi alikuwa amekwishachukua mche mmoja wa sabuni na kutoka nje ya lango.

Muuza mafuta waliyemnunulia alikuwa mtu mwembamba kama mwiko, aliyeitwa Mapipa kwa sababu ya mali yake, si umbo lake. Duka lake lilikuwa chumba kirefu chenye mapipa kila upande, pampu ya mkono, faneli za saizi tatu, na sakafu iliyong'aa kwa mafuta hata wateja wakatembea humo kama bata. Shangazi alipoingia, Mkemia akimfuata nyuma na kuhema, fundi cherehani wa mtaa wa pili alikuwa akijaziwa dumu, na bwana mmoja mwenye kofia alisubiri zamu yake.

Shangazi aliuweka mche juu ya kaunta.

"Lamba."

Mapipa alimtazama, akautazama mche, akalamba. Akatemea kwenye leso yake, kwa adabu.

"Hii ni kostiki tupu."

"Hayo ni mafuta yako. Mwanangu amesoma, amepima kila kitu, na anasema umetuchanganyia mafuta ya mashine."

Lile neno "huenda" lilikuwa limeanguka mahali fulani njiani. Mkemia aliliona pengo lake waziwazi kama jino lililong'oka. Fundi cherehani aliutoa mkono wake kwenye dumu. Yule bwana mwenye kofia alitazama vyombo vyake, akageuka, akaondoka.

"Miaka yote hii," Mapipa alisema, bila kupandisha sauti. "Binti, ndivyo unavyosema?"

Hapo ndipo Mkemia angeweza kulirudisha neno mahali pake. Lakini shangazi yake alikuwa akimtazama, na yeye mwenyewe alikuwa amezunguka vyumba vyote vya hesabu asikute kosa, na mtu aliyechoka kuzunguka huketi popote panapofanana na kiti.

"Hesabu haina kosa," alisema.

"Umesikia," alisema shangazi. "Jumamosi nina mzigo wa watoto wachanga, Mapipa. Wachanga." Akatoka, mtandio wake ukiburuta hasira nyuma yake.

"Wewe ngoja," Mapipa alimwambia Mkemia. "Shangazi yako nimemzoea, huo ni moto wa mabua. Wewe ndiye unayesema kwa kupima." Alichota mafuta kwa glasi, akayainua kwenye mwanga wa mlango. Yalikuwa safi kama machozi. "Nionyeshe mashine iko wapi."

"Haionekani kwa macho. Namba ndiyo inayosema."

"Basi mwambie namba aseme. Mimi nimeshtakiwa mbele za watu, nina haki ya kumsikia shahidi."

Fundi cherehani alijivutia kigoda akaketi.

Mkemia alipiga moyo konde. Katika hali ile ya fadhaa, alishika kitu pekee kilichokuwa imara, nacho ni maneno aliyokariri kwa ajili ya mtihani.

"Namba ya usabunishaji ni kiasi cha potashi, kwa miligramu, kinachotosha kugeuza gramu moja ya mafuta kuwa sabuni, pasipo kubakisha mafuta wala potashi." Alipoona nyuso zao hazijabadilika, aliendelea. "Mafuta ya nazi yana namba kubwa, maana yanahitaji nyingi. Mengine namba zake ni ndogo. Ukizidisha namba kwa uzito wa mafuta yako, unapata."

"Unapata nini?" aliuliza fundi cherehani.

"Kiasi cha potashi."

"Na potashi ndiyo nini? Samahani, mimi ni mtu wa vifungo."

"Potashi ni ndugu yake kostiki. Zote ni vipande vyeupe, zote huchoma, zote hugeuza mafuta kuwa sabuni. Ukiziweka kwenye sahani mbili huwezi kuzitambua. Hazina tofauti ila..."

Kule chuoni, chupa iliyokaa juu ya meza ya maabara ilikuwa ya potashi. Siku zote. Maneno yalisema potashi na chupa ikasema potashi, na kwa kuwa viwili hivyo havikuwahi kugombana, hakuwahi kusikia kwamba maneno yalikuwa yakisema kitu. Alikuwa amejibu swali hilo katika mtihani na kupata alama zote. Kisha akaja nyumbani, akakuta vipande vyeupe vingine ndani ya mfuko mwingine, akavipa namba isiyokuwa yao.

"Ila nini?" Mapipa aliuliza.

"Uzito," alisema, na sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeota. "Ila uzito tu. Subirini. Lakini mwenzangu naye kaitaja ile ile. Mbona hakuniambia?" Alijibu mwenyewe. "Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza."

"Huyu anasema na nani?" fundi cherehani alimnong'oneza Mapipa.

Mkemia aliketi juu ya dumu tupu. Mambo yalikuwa yakimjia kwa fujo, kama watu wanaotoka ukumbini kwa mlango mmoja, naye alijaribu kuyapanga foleni.

"Chukulia kuna kazi ya kubeba matofali," alimwambia fundi. "Inataka mikono. Mtu mzima ana mikono miwili, mtoto ana mikono miwili. Sasa tajiri akisema, nileteeni watu wazima wa kilo elfu, tutajua ni mikono mingapi. Wewe ukasikia kilo elfu tu, ukamletea watoto wa kilo elfu. Utakuwa umeleta nini?"

"Kelele."

"Mikono mingi mno. Maana mtoto ni mwepesi, na kwa uzito ule ule wanaingia wengi zaidi. Potashi ndiye mtu mzima, kostiki ndiye mtoto. Chembe moja ya hii hufanya kazi sawa na chembe moja ya ile, lakini ya kostiki ni nyepesi."

Fundi cherehani aliufuata mfano huo kwa kidole hewani. "Kwa hiyo mmeajiri watoto kwa uzito wa watu wazima."

"Ndiyo."

"Na waliokosa kazi wakaanza fujo," alisema Mapipa.

"Ndiyo."

"Basi namba yako ni mbovu."

"Hapana, namba ni sahihi kabisa."

"Basi kostiki."

"Kostiki pia ni nzuri."

Mapipa alijikuna shingo. "Mimi nilifikiri tunakaribia, kumbe ndiyo tunaondoka. Na mafuta yangu?"

Mkemia alisimama. "Mafuta yako hayana kosa. Nimekusingizia."

"Sema tena. Yule mteja wangu aliyeondoka hakusikia."

Hakuwa akimwamuru, lakini Mkemia alitoka mbio. Alimkuta yule bwana mwenye kofia kwenye kona, akamshika kiwiko, na kwa pumzi zilizokatika akamweleza kwamba mafuta ya Mapipa ni safi, kwamba hayana hata tone la mafuta ya mashine, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekosea.

"Mafuta ya mashine?" yule bwana aliuliza. "Mapipa anauza mafuta ya mashine?"

"Hapana. Ndicho ninachokuambia, hauzi."

"Nani kasema anauza?"

"Mimi. Sasa hivi, dukani. Si ndiyo maana umeondoka?"

"Nimeondoka kwa sababu nimesahau kifuniko cha dumu." Alimtazama kwa makini, kisha akatazama upande wa duka. "Lakini sasa nitafikiri."

Mkemia alirudi dukani kichwa kikiwa kizito kuliko alipotoka. Alimwambia Mapipa lililotokea, maana hakuona njia nyingine, na fundi cherehani alicheka mpaka akajifuta machozi kwa utepe wake wa kupimia. Mapipa hakucheka.

"Sabuni yenyewe inapona?"

Swali hilo, la kwanza siku hiyo lenye jibu, lilimtuliza. Ndiyo, inapona. Ikikwanguliwa yote, ikayeyushwa kwa maji juu ya moto mdogo na kupewa mafuta zaidi, ile mikono isiyo na kazi itapata kazi. Alipiga hesabu kwenye kiganja, safari hii akitaja jina la kila kitu kwa sauti, potashi ikiitwa potashi na kostiki ikiitwa kostiki. Kwa kila ndoo tano walizotia, zilihitajika mbili nyingine.

"Za mafuta ya mashine," alisema Mapipa.

Mkemia aliinamisha kichwa.

Mapipa alijaza ndoo moja kwa pampu, akaifunika, akaisukuma juu ya kaunta. "Hii ni yako wewe, kwa kuwa umesema. Ya pili atakuja kuichukua aliyenilambisha."

Shangazi alikuwa uani, amekaa mbele ya miche yake kama mtu anayelinda maiti. Aliitazama ndoo, akaitambua, akamtazama aliyeibeba. Mkemia akaeleza. Hakuficha kitu, wala hakuomba apunguziwe. Na alipofika mwisho, shangazi alianza kumuuliza mmoja mmoja, kama anayehesabu vyombo baada ya karamu.

"Namba ni ya kweli?"

"Ya kweli."

"Mizani?"

"Ya kweli."

"Kostiki?"

"Ya kweli, shangazi."

"Mafuta ya Mapipa?"

"Ya kweli."

"Kila kitu ni cha kweli na sabuni inachoma mtu."

"Ndiyo."

Shangazi alivuta pumzi. "Na hao walioitunga namba, walijua watu wanapikia kostiki. Kwa nini wakaisemea potashi?"

"Sijui."

Lilikuwa neno ambalo shangazi hakuwahi kulisikia kinywani mwa binti huyo tangu alipoingia chuo. Aliligeuza kichwani kwa muda, na uso wake ukalegea kidogo, ingawa haukuwa uso wa msamaha.

"Mimi ndiye niliyembebea mtu matusi mpaka dukani kwake," alisema, akisimama. "Wewe ulisema huenda. Nilisikia." Alijifunga mtandio. "Kwangua hizi zote. Washa moto, tia ndoo hiyo polepole, koroga. Nikitoka kwa Mapipa nitapita kwa Mama Kituo nimwambie ukweli, Jumamosi haiwezekani. Akiniacha, aniache kwa kweli yangu kuliko kwa vipele vya watoto."

Mkemia alikwangua mpaka vidole vikamfa ganzi ndani ya glavu. Aliwasha moto, akayeyusha, akatia mafuta kidogo kidogo, na ule uji mweupe ukawa unayanywa, ukizidi kuwa mzito na wa kung'aa. Haingekuwa sabuni ya kupendeza. Ingetoka na mabonge, kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mlevi. Lakini ndoo ya kwanza iliisha, na uji ulikuwa bado una kiu, sawasawa na hesabu ilivyosema. Naye alishindwa kujua afurahi kwamba hesabu imekuwa kweli, au aogope, kwa kuwa ile ya jana nayo ilikuwa kweli.

Jua lilikuwa limeegemea upande wa pili wa ua aliposikia sauti langoni. Shangazi na Mapipa waliingia wameshika mpini mmoja wa ndoo, kila mtu upande wake, wakibishana ni nani anayemmwagia mwenzake mafuta miguuni.

"Weka hapa," shangazi alisema. "Taratibu. Hivi ndivyo unavyobebea wateja wako?"

"Wateja wangu hubeba wenyewe, na hawanitukani."

Mkemia aliifungua ndoo akaanza kutia. Aliogopa kuuliza, na aliogopa zaidi kutouliza.

"Mama Kituo kasemaje?"

Shangazi aliketi kwenye kigoda, akavua viatu. "Nilimwambia Jumamosi haiwezekani, akakubali Jumamosi ya pili. Kakubali vizuri tu. Kasema aliyekuja kusema kabla ya kuulizwa ndiye anayemtaka."

"Alhamdulillahi," alisema Mapipa.

"Subiri. Kisha akauliza kosa lilikuwa nini. Nikasema nimweleze kama Mapipa alivyonieleza njiani, kabla hajabaki nje na ndoo, kama wewe ulivyomweleza yeye. Nikamwambia tulitaka watu wazima, tukaweka watoto kwa uzito ule ule, wakawa wengi kuliko kazi." Alisugua nyayo zake. "Sasa anadhani kwenye sabuni yangu nafanyisha kazi watoto. Anakuja kesho asubuhi kukagua."

Mapipa aligeuza uso wake ukutani, mabega yakimtikisika.

"Ulimwambia ni mfano?" Mkemia aliuliza.

"Nilimwambia ni kostiki. Akaniuliza, watoto wanashika kostiki?" Shangazi aliuchukua mwiko mkononi mwa Mkemia, akaanza kukoroga yeye. "Keti hapo. Una usiku kucha wa kutafuta mfano mwingine, na huo mwingine usiwe na mtu ndani yake."

Mkemia aliketi kwenye ukingo wa karo. Alifikiria mawe, akaona mawe hayafanyi kazi. Alifikiria ng'ombe na punda, kisha akamkumbuka Mama Kituo alivyo na huruma kwa wanyama, akawaacha. Alikuwa amefika kwenye funguo na makufuli, na hakuwa na hakika kama kufuli ndiyo mafuta au ndiyo kostiki, Mapipa alipomwambia asogee, miguu yake iko kwenye njia ya ndoo.